Ukoo Uliponichagulia Shahada

Katika ukoo wetu mtoto hachagui shahada yake mwenyewe. Kikao ndicho humchagulia, kwa utaratibu uleule ambao humchagulia maiti mahali pa kuzikwa. Viti vya plastiki huazimwa kanisani. Wanawake hupika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nyuma ya nyumba. Pasta hufungua kwa maombi marefu ambamo Mungu husomewa matokeo ya mtihani, somo baada ya somo, kana kwamba hakuyaona. Kisha watu ambao chuo kikuu wamekiona siku ya mahafali tu, tena kutoka upande wa mahema ya chakula, hukunja nne na kuanza kushauri. Ndivyo ilivyo kwetu, pembezoni mwa mji wa Kabati, kule Kitui, na sijasikia kwamba wameacha.

Nimeviona vikao hivyo tangu nikiwa mdogo. Kuna binti mmoja alipewa kozi ya takwimu za bima kwa sababu jina hilo la kozi lilimfurahisha mzee mmoja akapiga mluzi. Hakuna aliyeuliza kozi yenyewe inahusu nini, na binti naye hakuuliza. Alikwenda, akamaliza, akarudi. Hadi leo ukimuuliza alisomea nini, anakujibu kwamba ni mambo ya ofisi, halafu anabadilisha mazungumzo.

Mimi nilitaka kuwa mwalimu wa shule ya upili. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Nilipenda Kiswahili na historia, na nilikuwa nimefundishwa na walimu wabaya wa kutosha kujua kwamba hata nikijikwaa nitawapita. Nilitaka kusajiliwa sawasawa, nipewe nambari yangu ya ualimu, nisiwe yule mtu anayeambiwa mwisho wa muhula kwamba asirudi. Hilo tu ndilo nililotaka, na ukoo mzima ulisimama mlangoni kunizuia, ukitabasamu.

Ualimu kwetu una heshima ya ajabu. Mwenye kazi hiyo anapewa kiti cha mbele na anakaribishwa kusalimia watu matangani. Lakini mtoto akiitaja kwamba ndiyo anayoitaka, watu wazima wanatazamana kama ametukana. Baba mkubwa alinijibu kabla sijamaliza sentensi.

"Walimu kwa hii familia wametosha," alisema. "Wewe uko na kichwa. Usikipeleke huko."

Huyu baba mkubwa ni ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu. Zamani alikuwa karani katika ofisi moja ya elimu. Alipiga chapa barua za watu waliojua mambo, na kwa miaka mingi ya kuketi karibu nao aliamini kwamba ujuzi unaambukiza. Alipostaafu alirudi nyumbani na mkoba mweusi, na hajawahi kuonekana kikaoni bila huo mkoba. Sijui una nini ndani. Baba alipofariki mama alianza kumuuliza kila kitu, kuanzia mbegu za kupanda hadi rangi ya sare, na nikilalamika alikuwa na jibu moja.

"Yeye ndiye amesoma," alisema mama.

Mpango wa baba mkubwa juu yangu ulikuwa mfupi na ulimpendeza sana. Kwanza nichukue digrii ya jina. Halafu, kama kweli nimeng'ang'ania huo ualimu wangu, nitaongeza kacheti juu. Alisema hivyo, "kuongeza kacheti juu," kama mtu anayepanga kuegemeza chumba cha mabati kwenye nyumba ya mawe. Digrii yenyewe ilikuwa Uhusiano wa Kimataifa na Diplomasia. Nilimuuliza kwa nini hiyo, akanitazama kwa huruma ya watu wenye mikoba.

"Digrii ni digrii," alisema. "Hiyo ukiitaja mahali, watu wananyamaza."

Ushahidi wake ulikuwa mwanawe wa kwanza. Huyo, kwa mila yetu, ni kaka yangu tu, wala hatuna haja ya neno lingine. Alikuwa amechukua digrii hiyohiyo, kwa kupangiwa na baba huyohuyo. Sijui alitarajiwa kuwa balozi wa Kabati nchi gani. Lakini sasa alikuwa akifundisha shule moja ya kutwa upande wa Kalamba, kule Makueni, na watu wote walimwita Mwalimu. Baba yake alimwita Mwalimu. Mke wake alimwita Mwalimu hata akimwomba chumvi mezani.

Nilikwenda saiba, kwenye duka la intaneti, nikasoma mwenyewe masharti ya kusajiliwa ualimu. Nataka niseme kwamba masharti hayo si siri na si magumu, na mtu aliyewahi kupiga chapa barua za elimu hakuwa na udhuru wowote wa kutoyajua. Mtu anaweza kabisa kuchukua shahada isiyo ya ualimu kisha akaongeza diploma ya uzamili katika elimu na kusajiliwa. Lakini lazima awe na masomo mawili yanayofundishwa shule za upili. Awe ameyapita vizuri Kidato cha Nne, halafu aendelee nayo chuoni, yote mawili, kwa uzito unaotakiwa, tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Ile diploma inakufundisha namna ya kufundisha. Cha kufundisha unakwenda nacho mwenyewe. Na katika shule zote nilizowahi kuziona, hakuna hata moja inayogonga kengele ya kipindi cha diplomasia.

Kwa hiyo mpango ulipaswa kuanzia nyuma. Kwanza nijue ninataka kusimama wapi, halafu nihesabu kurudi hadi kwenye kozi ya mwaka wa kwanza. Nikamwambia mama kwamba kama ukoo hautaki kusikia neno ualimu kwenye jina la shahada, sawa, niko tayari kuwaachia jina lao. Nichukue Shahada ya Sanaa, lakini ndani yake kuwe na Kiswahili na historia, na diploma ije baadaye. Mama alinisikiliza huku akichambua maharagwe. Alipomaliza aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Na kaka yako aliingiaje?"

Ndipo nikafunga safari hadi Kalamba.

Nilimkuta darasani akifundisha jiografia, Kidato cha Pili. Nilisimama nje ya dirisha nikangoja. Alikuwa akieleza kwa nini mvua inapita juu ya vichwa vyetu Ukambani na kwenda kunyesha kwa wenye milima, na wale watoto walikuwa wakibishana naye kwa raha, wakitaka kujua nani aliipa mvua ruhusa. Alifundisha vizuri. Nalisema kwa kuwa ni kweli, ingawa siku ile lilinikera. Kipindi kilipoisha tulikwenda nyuma, penye tangi la maji, nikamuuliza alifanyia wapi diploma yake ya ualimu.

Alifungua bomba la tangi, akanawa chaki mikononi, akalifunga.

"Sikufanya," alisema.

Alinieleza bila kunitazama. Alipomaliza shahada alikwenda kuomba ile diploma, kama baba yake alivyomwelekeza. Mama mmoja aliyekuwa akipokea maombi alimuuliza masomo yake mawili ya kufundisha ni yapi. Yeye akamjibu kwamba ni uhusiano wa kimataifa na diplomasia.

"Akacheka," alisema kaka. "Halafu akaniambia pole kwa kucheka. Hiyo pole ndiyo iliniuma."

Alirudi nyumbani akakuta baba yake ameshatangaza kanisani kwamba kijana ni mwalimu. Ikatokea kwamba shule hii ilikosa mtu wa jiografia, na bodi ya shule ikamchukua kwa muda, na muda ukageuka miaka. Kila muhula alimaliza bila kujua kama ataanza mwingine.

"Mzee anajua?" nilimuuliza.

"Hajawahi kuuliza. Anaogopa nitamjibu."

"Basi tuambie kikao. Wewe ukisema mara moja tu, mimi nimeokoka."

Alitikisa kichwa. "Tafadhali usiniseme. Hapa naitwa Mwalimu. Nyumbani naitwa Mwalimu. Ukinisema nitaitwa nani?"

Nilimwahidi kwamba sitamsema, na nilimwahidi kwa dharau. Nilimdharau kuliko nilivyomdharau baba yake, maana baba yake angalau aliuamini upuuzi wake mwenyewe. Huyu alijua ukweli wote, alikuwa ameulipia kwa ujana wake, na bado alikuwa tayari niingie shimo hilohilo ili watu wasiache kumpigia saluti sokoni. Nilirudi Kabati nikiwa nimemfuta moyoni. Mama aliponiuliza nilimwambia kwamba kaka ana shughuli nyingi, hatukuzungumza sana.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa baba mkubwa, Jumamosi, baada ya saa sita. Walikuja wa Kitui na wa Makueni, kwa sababu ukoo wetu umetapakaa pande zote mbili na muthokoi haujui mpaka. Kaka naye alikuja, na suti yake ya kahawia, akapewa kiti mbele karibu na pasta. Mimi niliwekwa kwenye stuli katikati, ambapo kila mtu angeweza kuniona nikishukuru. Mama alikuwa nyuma na wanawake wengine, lakini mlango ulikuwa wazi na sauti ilifika.

Baba mkubwa aliweka mkoba magotini akaanza. Alieleza dunia inavyokwenda. Alieleza kwamba mataifa yanahitaji watu wa kuyapatanisha. Wazee waliitikia kwa mguno ule wa kukubali ambao hutolewa na mtu aliyekwisha kuacha kusikiliza. Mmoja aliuliza kama diplomasia ni kama udiwani, akajibiwa kwamba ni juu ya udiwani, akaridhika. Mwingine alitaka kujua kama mtu wa kozi hiyo anaendeshewa gari, na hilo lilijadiliwa kwa makini kuliko jambo lolote lingine siku ile. Kisha baba mkubwa akatangaza, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, kwamba tayari amekwenda saiba na nambari yangu ya mtihani na kuijaza hiyo kozi kuwa chaguo langu la kwanza. Kikao kilikuwa cha kubariki tu.

Nilisimama. Kuna sehemu yangu iliyofurahia kwamba sasa nitawaudhi.

"Baba mkubwa, asante," nilisema. "Lakini hiyo njia haifiki pale ninaenda. Nikichukua hiyo, siwezi kuwa mwalimu. Lazima niwe na masomo mawili yale yanafundishwa shule."

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walicheka kama watu waliosikia mtoto akitumia neno kubwa.

"Nani amekudanganya hivyo?" aliuliza baba mkubwa.

"Hayo ndiyo masharti. Nimesoma."

"Masharti! Mimi nimepiga chapa masharti kabla wewe uzaliwe." Aligeukia kiti cha mbele na uso wake ukang'aa. "Si huyu hapa? Si alichukua hiyo hiyo? Mwalimu, hebu simama wakuone."

Hakumwomba aseme neno. Alimtaka asimame tu, aonekane na suti yake, mjadala uishe. Kaka alisimama. Nilitazama chini kwa sababu sikutaka kushuhudia jinsi atakavyotabasamu.

"Mimi si mwalimu," alisema.

Nikainua kichwa.

"Unasema?" aliuliza baba yake.

"Mimi si mwalimu, baba. Sijasajiliwa. Nilienda kuomba ile diploma wakanikataa, kwa sababu sikuwa na sabjekti hata moja ya kufundisha. Hiyo kozi mnampatia ndiyo ilinifunga. Akiichukua, atakuwa tu kama mimi." "Mwache huyu mtoto achukue yale anasema. Anasema ukweli."

Kule nyuma mwiko ulitulia kwenye sufuria. Niliwatazama wale wazee mmoja mmoja, nikaamini kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba kikao cha ukoo wetu kinakaribia kufikiri.

Baba mkubwa akacheka. Alimcheka mwanawe kwa upendo, akitikisa kichwa, akaugeukia umati.

"Mnamwona? Ndiyo maana nampenda huyu. Msomi wa kweli hujishusha." Akampungia mkono. "Kaa chini, Mwalimu."

Wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi. Mzee wa udiwani alisema hajawahi kuona kijana mwenye adabu kama huyu. Pasta akasimama, akamshika kaka bega, akasema kwamba unyenyekevu ni tunda la Roho, na vijana wa siku hizi wakipata digrii moja hawasalimii watu, lakini tazameni huyu anayesema mbele ya ukoo mzima kwamba yeye si kitu. Wanaume na wanawake wakaitikia amina. Kwao mtu kusimama na kujishusha mbele za watu ni ushuhuda, wanausikia kila Jumapili, na ushuhuda hupigiwa makofi. Haikuwapitia akilini kwamba mtu anaweza kusimama akasema jambo kwa sababu ndivyo lilivyo.

Kaka alibaki amesimama na mkono wa pasta begani. Alijaribu kusema tena, "Si hivyo," lakini pasta alikuwa ameshaanza kuomba. Mwisho wa maombi aliketi. Diplomasia ikapitishwa kwa kauli moja na chakula kikaletwa. Sikula. Niliwatazama wakila na nikawachukia kwa utulivu, nikimhesabu kila aliyeongezewa.

Jioni mama alikuwa akiosha sufuria na mimi nikisuuza. Alisugua moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua, mwaitu. Alikuwa ameniomba nisiseme."

Aliendelea kusugua. "Mtu mzima hajitii aibu bure mbele ya watu," alisema. Halafu akauliza: "Hiyo kozi bado inaweza kubadilishwa?"

"Hadi mwisho wa wiki ijayo."

"Basi uende Jumatatu ubadilishe. Usiniambie saa ile unaenda. Akiniuliza nataka nijibu kwamba sijui."

Mama hakuwa amewahi kufanya jambo bila kumuuliza shemeji yake tangu tumzike baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika kitu cha moto. Maneno yangu yote ya saiba hayakuwa yamemsogeza hata hatua moja. Aliyemsogeza ni kaka. Jumatatu nilikwenda nikafuta diplomasia, nikaweka Shahada ya Sanaa yenye Kiswahili na historia, na baba mkubwa alipogundua aliacha kunisalimia hadi Krismasi. Nilifurahia sana kimya hicho.

Chuoni niligundua kwamba upuuzi wa ukoo wangu una ndugu zake mjini. Kila mwanzo wa muhula wenzangu walikimbizana kutafuta kozi za kuteleza, zile ambazo mhadhiri hatokei na alama hazikosekani. Mshauri wetu wa masomo aliniuliza kwa nini nazibeba sarufi na historia ya uchumi pamoja, wakati naweza kujipumzisha na somo la mawasiliano ya umma. Nilimwambia nataka kufundisha baadaye. Alisema hilo la baadaye nitalishughulikia baadaye. Alikuwa na shahada tatu ukutani na alizungumza sawasawa na baba mkubwa, ila bila mkoba. Nilishika njia yangu. Muhula hadi muhula nilihakikisha masomo yangu mawili yanakwenda bega kwa bega, hakuna linalobaki nyuma, na kwa kufanya hivyo nilipata sifa ya kuwa mtu asiye na raha. Baadhi ya wale waliokuwa na raha walinipigia simu baada ya mahafali kuniuliza ile diploma inaombwaje. Niliwauliza masomo yao mawili ni yapi, na nilisikia wakinyamaza.

Diploma ya uzamili niliimaliza bila matata, na mazoezi ya kufundisha niliyafanyia Mwingi. Darasani nilikuwa na watoto wa wenye maduka na watoto wa wafanyabiashara wa mifugo waliotoka kaskazini mashariki, ambao Kikamba hawakukijua kama mimi nisivyokijua Kisomali, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa na kazi ya kweli kila asubuhi. Nilisajiliwa. Nilipewa nambari yangu, na nilipoipata nilikaa kitandani nikaitazama tu, nikiwa na furaha ya peke yangu ambayo sikutaka kumgawia mtu.

Ya kaka nilikuwa nimeyajua vipande vipande kwenye simu za mama. Wale waliopiga makofi hawakuwa viziwi. Kikaoni walikuwa wamesikia unyenyekevu, lakini njiani kurudi nyumbani walianza kusikia maneno yenyewe. Mmoja wa wale wa Makueni alikuwa na watoto katika ile shule ya Kalamba. Kufikia muhula uliofuata wazazi walikuwa wakiuliza kwa nini watoto wao wanafundishwa na mtu aliyekiri kwamba si mwalimu. Hawakuuliza kama watoto wameelewa jiografia. Bodi ilimshukuru na kumwambia asirudi. Akaja Kabati, akapata kazi katika ghala la nafaka, ya kupima ndengu na kushona magunia. Baba yake aliwaambia watu kwamba kijana ameingia biashara.

Niliposajiliwa, baba mkubwa aliamua kufanya ibada ya shukrani. Sikuombwa ruhusa. Mahema yalisimamishwa, viti vya kanisa vikaja, na yeye akasimama na mkoba wake mbele ya watu walewale akaeleza jinsi alivyoniongoza.

"Nilimwambia hapa hapa," alisema. "Nikamwambia, wewe, chukua kwanza digrii ya kawaida, halafu uongeze kacheti juu. Si mnaona?"

Waliona. Waliguna kwa kukubali. Mbele kabisa alikuwa ameketi binti wa binamu yangu mmoja, aliyetoka tu kumaliza mtihani, na baba mkubwa akamnyooshea kidole na kusema kwamba sasa ni zamu ya huyu, na njia ni hiyohiyo. Nilimvuta yule binti pembeni wakati wa wimbo, nikamwambia asikubali kuandikishwa chochote kabla hajaja kwangu na matokeo yake. Aliniitikia, akirusha jicho kumtazama baba mkubwa kama ameona.

Kaka alikuwepo. Hakuwa mbele. Alikuwa amekuja mapema kusaidia kupanga viti, na sasa alikuwa nyuma karibu na kreti za soda pamoja na vijana wa kugawa. Shati lake lilikuwa na vumbi la ghala mabegani. Tulisalimiana kwa mbali, kwa kuinua mkono, maana kila nilipoanza kwenda kwake mtu mwingine alinishika kunipongeza.

Kisha pasta akasema kwamba kabla ya chakula angependa kuwaombea walimu, kwa kuwa kazi yao ni nzito na shule ziko karibu kufunguliwa. Akaomba walimu wote waliopo wasimame.

Nilisimama. Wakasimama wawili watatu wengine, hapa na pale chini ya hema. Niligeuka nikamtazama kaka. Alikuwa amesimama tayari, kwa sababu ya soda. Aliposikia maneno ya pasta aliangaza macho upande huu na upande ule, akaweka chini chupa alizokuwa nazo, akachukua ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Akainamisha kichwa kwa maombi. Hakuna aliyemwona ila mimi. Nikiwa nimefumbua macho, huku wanaomba kwa sauti juu ya kichwa changu, nililia kwa hasira, nao wakadhani ni upako wa Roho. Nilikuwa nimesimama pale kwa sababu yeye alisema ukweli mara moja, mbele ya watu ambao hawakustahili hata uongo wake.